Kabla ya Kumwaga Lami, Tuulize: Barabara Hii ni ya Kazi Gani?

Kwa muda mrefu katika nchi yetu barabara imekuwa zawadi. Kiongozi husimama jukwaani akaahidi lami, kama mjomba anavyowaahidi peremende watoto waliotulia, na wananchi, badala ya kudai kile walichokwisha kukilipia kwa kodi yao, hupiga makofi na vigelegele. Tingatinga huonekana majuma machache kabla ya uchaguzi, hukwangua udongo kwa siku kadhaa, kisha kura zikishahesabiwa hutoweka. Msomaji wetu ameyaona haya kwa macho yake, wala hahitaji sisi tumsimulie.

Wala hizi si porojo za vijiweni. Mwaka 2015 jarida la American Economic Review lilichapisha utafiti wa Robin Burgess, Edward Miguel na wenzao kuhusu ujenzi wa barabara nchini Kenya tangu mwaka 1963 hadi 2011. Wataalamu hao waligundua kwamba wilaya zilizokaliwa na kabila la Rais aliyekuwa madarakani zilipata fedha za barabara maradufu, na urefu wa barabara za lami zilizojengwa humo ulikuwa mara tano ya kwingineko. Waligundua pia jambo la pili, ambalo sisi tunalishika kwa mikono miwili: upendeleo huo ulitoweka katika vipindi vya demokrasia. Wale waliowauliza wanamageuzi wa mwaka 1991 kama siasa ya vyama vingi italiwa kama ugali wamekwisha kujibiwa. Jibu limepimwa kwa kilomita.

Hata hivyo, tusijidanganye. Kuondoka kwa upendeleo si sawa na kuwasili kwa busara. Yawezekana kabisa barabara ikajengwa mahali pa haki na bado ikawa barabara mbaya: pana kuliko inavyohitajika, au nyembamba kuliko inavyostahili, yenye daraja la fahari palipohitaji kalvati tatu, au yenye kalvati moja palipohitaji daraja. Swali la kwanza la mageuzi lilikuwa: barabara inajengewa nani? Swali la pili, ambalo bado hatujaliuliza kwa sauti, ni hili: barabara inajengewa kazi gani, na je, kuna njia nyingine ya kuitimiza kazi hiyo kwa gharama ndogo zaidi bila kuipunguza?

Wahandisi wana jina la elimu inayouliza swali hili. Huiita uhandisi wa thamani. Asili yake ni kiwandani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, katika kampuni ya General Electric huko Marekani, vifaa vingi vilikuwa adimu kwa sababu ya vita. Mhandisi mmoja wa idara ya ununuzi, Lawrence Miles, akaacha kuuliza ni wapi atakapopata kifaa fulani, akaanza kuuliza kifaa hicho kinafanya kazi gani, na ni kitu gani kingine kinachoweza kuifanya kazi ile ile. Mara nyingi aligundua kwamba badala iliyopatikana ilikuwa rahisi zaidi na haikuwa duni. Kutokana na swali hilo moja ilizaliwa taaluma nzima, na katika miaka ya 1950 jeshi la wanamaji la Marekani likaichukua na kuipa jina lake la sasa.

Kiini chake ni kepesi kueleweka hata kwa sisi tusiokuwa wahandisi. Thamani ya kitu ni kazi kinayoifanya ikilinganishwa na gharama yake. Na gharama hapa si bei ya mkandarasi peke yake. Ni bei ya kujenga, ya kutunza, ya kukarabati, na riba ya mkopo, kwa muda wote wa uhai wa kitu hicho. Kundi la watu wa fani mbalimbali, ambao hawakuuchora mradi wenyewe na kwa hiyo hawana mchoro wa kuutetea, huketi pamoja kwa siku kadhaa. Kwanza hukusanya habari. Pili huitaja kila kazi ya mradi kwa maneno mawili tu, kitenzi na nomino: vusha watu, beba mizigo, zuia maji. Tatu hubuni njia nyingi za kuitimiza kila kazi, bila mtu kumcheka mwenzake. Nne huzipima njia hizo. Tano huzikamilisha zile zinazofaa kwa michoro na hesabu. Mwisho huwasilisha mapendekezo yao kwa mwenye mradi, naye hulazimika kuyakubali au kuyakataa kwa sababu.

Marekani haikuliacha jambo hili kwa hiari ya mtu. Sheria ya mwaka 1995 kuhusu mfumo wa barabara kuu za taifa iliamuru kwamba kila mradi wa barabara hizo uliopata fedha za serikali kuu na uliogharimu dola milioni 25 au zaidi ufanyiwe uchambuzi huu. Mwaka 2012 kiwango kilipandishwa hadi dola milioni 50 kwa barabara na milioni 40 kwa madaraja. Hatutaji Marekani kwa sababu tunaamini kila kilicho kizuri kinatoka ng'ambo. Tunaitaja kwa sababu ni nchi tajiri kuliko yetu maradufu nyingi, na bado imeona haya kutumia fedha za walipa kodi bila kuuliza kwanza. Maskini ana sababu gani ya kuwa mbadhirifu kuliko tajiri?

Tuchukue mfano wa hapa nyumbani: kivuko cha Likoni. Kila Mkenya anakijua, na wenyeji wa Mombasa wanakijua kwa machozi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka huko Mtongwe, na zaidi ya watu 270 walikufa maji. Tangu wakati huo, na hata kabla yake, kumekuwa na ahadi nyingi za daraja. Sasa tufanye zoezi dogo la uhandisi wa thamani. Kazi ya kivuko ni nini? Ziko tatu: vusha watu, vusha magari, pitisha meli. Kazi hizi hazilingani wala hazihitaji chombo kimoja.

Kwa miaka mingi hesabu zilizotajwa na wasimamizi wa feri zilikuwa watu wapatao 300,000 na magari yapatayo 6,000 kwa siku. Yaani kwa kila gari moja, watu hamsini. Wengi wa hao ni watu wa miguu: kibarua wa bandarini, mama wa samaki, mwanafunzi, mgonjwa anayekwenda hospitali kuu. Basi mtu akituambia kwamba tatizo la Likoni limetatuliwa na barabara ya Dongo Kundu pamoja na madaraja yake marefu ya Mwache na Mteza, tutamwuliza kwa heshima: ni kazi ipi uliyoitimiza? Barabara ile ni ya manufaa. Inampitisha dereva atokaye bara kwenda Kwale na Lunga Lunga bila kugusa kisiwa, na lori la mizigo halihitaji tena kupanga foleni ya feri. Lakini yule mama wa samaki mwenye beseni kichwani hawezi kuzunguka kilomita nyingi ili afike sokoni ng'ambo ya mkondo anaouona kwa macho. Kazi ya pili imepata dawa. Kazi ya kwanza, iliyo kubwa kuliko zote kwa hesabu ya vichwa, imebaki palepale.

Wakati wa maradhi ya Korona Serikali ilijenga daraja la kuelea la waenda kwa miguu huko Liwatoni, kwa gharama iliyotajwa kuwa shilingi bilioni 1.9, nalo likazinduliwa mwishoni mwa mwaka 2020. Hapa angalau mtu fulani alikuwa ameikumbuka kazi ya kuvusha watu. Lakini ile kazi ya tatu, kupitisha meli, ilidai haki yake: daraja linaloelea juu ya mlango wa bandari halina budi kufunguliwa kila meli inapopita, na likifunguliwa watu husimama. Kundi la uchambuzi lingaliketi kwanza, lingaliziweka kazi zote tatu juu ya meza moja, likalinganisha feri zaidi, daraja la kuelea, daraja refu la juu na hata njia ya chini ya maji, kila moja kwa gharama ya miaka hamsini. Huenda jibu lingalikuwa lile lile. Huenda lingalikuwa tofauti. Tunachodai ni kwamba wananchi wangalijua ni kwa nini.

Au tuitazame barabara kuu ya Thika, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2012 na Rais Mwai Kibaki, yenye urefu wa kilomita zipatazo hamsini. Hatuna nia ya kuitukana. Imefupisha safari za watu wengi na kuinua biashara. Lakini kumbukeni miaka yake ya kwanza. Vivuko vya juu vya waenda kwa miguu vilikuwa vichache, na mtu aliyetaka kutoka upande mmoja wa mtaa wake kwenda upande wa pili alilazimika kuchagua kati ya mwendo mrefu na kukimbia mbele ya magari yaendayo kasi. Wengi walikimbia, na si wote waliofika. Baadaye vivuko vikaongezwa. Wachoraji walikuwa wameiandika kazi ya kupitisha magari haraka, wakaisahau kazi ya kuunganisha pande mbili za mji mmoja. Katika uchambuzi wa thamani kazi hii ya pili ingaliandikwa siku ya kwanza kwa maneno mawili tu, unganisha watu, na bei ya kuitimiza ikiwa bado ni wino juu ya karatasi haingalifanana na bei tuliyoilipa makaburini.

Sisi ni mawakili, na katika kazi yetu tumeyaona haya kwa ukaribu zaidi. Tuliwahi kuwasimamia wanakijiji ambao barabara mpya ilipita kwao juu ya tuta la udongo. Barabara ilikuwa nzuri kwa kutazama. Lakini tuta lile lilikikata kijito cha msimu, na kalvati zilizowekwa zilikuwa ndogo, hivyo kila masika maji yalirudi nyuma na kuingia majumbani. Tulipoomba michoro tuliambiwa kwamba ni siri. Wazee wa kijiji walitueleza kwamba njia ya maji yale ilijulikana tangu enzi za babu zao, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kuwauliza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mhandisi aliyeketi jijini alikuwa na vipimo vya mvua. Wazee walikuwa na kumbukumbu ya miaka themanini. Palihitajika meza moja ya kuwakutanisha, na meza hiyo haikuwapo.

Lazima sasa tutoe onyo, kwa maana hakuna jina jema ambalo wajanja hawawezi kulivaa. Uhandisi wa thamani si kisu cha kukata gharama. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Huko London, jengo la Grenfell Tower lilipokuwa likikarabatiwa, mabamba ya zinki yaliyopangwa kuwekwa ukutani yalibadilishwa yakawekwa mengine yenye kiini cha plastiki kishikacho moto, na karibu pauni 300,000 zikaokolewa. Kitendo hicho nacho kiliitwa uhandisi wa thamani. Tarehe 14 Juni 2017 jengo likaungua na watu 72 wakafa. Hapo gharama ilipunguzwa na kazi ya kulinda uhai ikapunguzwa pamoja nayo. Na kazi ikipungua kuliko bei, thamani imeshuka, haijapanda. Mkandarasi atakayepunguza nondo na saruji na kudai kwamba amefanya uhandisi wa thamani ni mwizi aliyejifunza msamiati mpya.

Tena elimu hii haiponyi kila ugonjwa. Mwezi Juni 2017, huo huo, daraja la Sigiri juu ya mto Nzoia huko Budalang'i liliporomoka kabla halijakamilika, siku chache baada ya kukaguliwa na Rais. Uchambuzi wa thamani ungeweza kutuambia ni daraja la namna gani linalofaa pale. Usingeweza kuchukua nafasi ya msimamizi mwaminifu anayesimama kwenye eneo la ujenzi zege linapomwagwa. Tunataka vyote viwili, wala kimoja kisitolewe kuwa kisingizio cha kukosa kingine.

Je, sheria zetu zinaruhusu tunachokidai? Tunathubutu kusema kwamba zinakiamuru. Kifungu cha 227 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa uwazi, wa ushindani, na wenye manufaa yanayolingana na gharama. Maneno haya ya mwisho ni nini kama si tafsiri ya thamani? Kifungu cha 201 kinataka mzigo na faida za mikopo ya umma vigawanywe kwa haki kati ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo. Barabara iliyojengwa kwa bei ya chini leo ili ivunjike baada ya misimu mitatu ya mvua, huku mkopo wake ukilipwa kwa miaka ishirini, inawaibia watoto ambao bado hawajazaliwa. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na sheria ya mwaka 2016 ikaweka njia ya kuzipata. Kwa hiyo yule aliyetuambia kwamba michoro ya barabara ni siri alikuwa akizungumza lugha ya Katiba iliyokwisha kuzikwa.

Kuna mlango mmoja ambao ni lazima ulindwe kwa makini. Kifungu cha 139 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 kinaruhusu mkataba kubadilishwa baada ya kutiwa sahihi, kwa masharti, na nyongeza zote zikijumlishwa zisizidi asilimia 25 ya bei ya awali. Wajuzi wa mambo wanajua kwamba wapo wanaokitazama kikomo hicho kana kwamba ni haki yao. Zabuni hushindwa kwa bei ya chini, kisha mabadiliko huanza. Uchambuzi wa thamani ukifanywa kabla ya zabuni kutangazwa, mchoro hufika sokoni ukiwa umekwisha kuulizwa maswali yake, na kisingizio cha kuubadilisha hupungua.

Madai yetu basi ni manne. Mosi, Bunge liweke kiwango cha gharama ambacho kila mradi wa barabara au daraja ukikifikia, wa serikali kuu na wa kaunti pia, ni lazima ufanyiwe uchambuzi wa thamani kabla ya zabuni. Pili, kundi litakalofanya kazi hiyo lisiwe la mchoraji wala la mkandarasi, na ndani yake wawemo wakazi wa mahali mradi unapopita, si kwa kupigiwa makofi barazani, bali kwa kuketi mezani wakati kazi za mradi zinapotajwa. Tatu, taarifa yake ichapishwe pamoja na tangazo la zabuni, ikionyesha mapendekezo yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa, na sababu za kukataliwa. Nne, pendekezo lolote linalopunguza usalama wa mtu lisihesabiwe kuwa akiba.

Wapo watakaotuambia kwamba hili litachelewesha maendeleo. Tunawauliza ni maendeleo gani yaliyocheleweshwa na siku kadhaa za kufikiri, yakilinganishwa na yale yaliyokwama miaka kwa sababu ya kesi mahakamani na wakandarasi wasiolipwa? Mwezi Julai 2024 tozo ya kutunza barabara ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya mafuta, na mwaka 2025 Serikali ikaamua kuweka rehani shilingi 7 za tozo hiyo ili kulipa madeni yaliyorundikana ya ujenzi wa barabara. Abiria wa matatu analipa, mkulima anayepeleka maziwa analipa, na hata yule bibi asiyepanda gari analipa katika bei ya unga. Nchi inayolipia kwa namna hiyo barabara zilizokwisha kuanzishwa haiwezi kudai kwamba haina nafasi ya kufikiri kabla ya kuanzisha nyingine.

Tunawageukia wasomaji wetu. Siku mgeni rasmi atakapofika kwenu na kuzindua mradi, msimwulize tu ni kilomita ngapi. Mwulizeni ni kazi gani mradi huu utaifanya, na ni nani waliohesabiwa wakati kazi hiyo ilipotajwa. Mwulizeni ni njia gani nyingine zilizofikiriwa na kwa nini ziliachwa. Mwulizeni itagharimu kiasi gani kuutunza baada ya yeye kustaafu. Akiwa na majibu, mpigieni makofi, kwa maana atakuwa ameyastahili. Akiwa hana, rudini nyumbani mkaandike barua ya kuomba michoro, kwa jina lenu na kwa Kifungu cha 35. Barabara si zawadi. Ni mali yetu, tunainunua kila siku kwa kila lita, na mnunuzi ana haki ya kujua anachonunua.